Kurejesha modeli ya jengo si kuipaka rangi upya

Kurejesha modeli ya zamani ya jengo, iliyoundwa kwa mkono, ni kuiondolea kilichoiharibu na kuizuia isiendelee kuharibika, huku kazi ya fundi wa kwanza ikibaki kuonekana. Maana ni hiyo tu. Kinachokera ni kulisikia neno hili likibandikwa kwenye kila modeli iliyokwanguliwa rangi na kupulizwa nyingine.

Kurejesha kunatokana na kurejea, neno lenye asili ya Kiarabu, raja'a, yaani kurudi. Ile -sha ya mwisho ni ya kusababisha: unakifanya kitu kirudi. Na huwezi kukirudisha mahali ambapo hakijawahi kuwa. Kutengeneza ni habari nyingine. Shina lake ni tengenea, kuwa sawa, kukaa vizuri. Kiti kilichovunjika hutengenezwa kwa mguu wowote utakaombeba mtu. Modeli hairejeshwi kwa kipande chochote kitakachoziba pengo.

Skeli huikuza tofauti hii. Kwenye 1:87, yaani jengo halisi likiwa kubwa mara 87 kuliko modeli, mlango wa mita 2.1 una milimita 24 tu. Tabaka jipya la rangi lenye unene wa milimita 0.1 ni sawa na kulipiga jengo halisi plasta ya karibu milimita 9. Mistari ya matofali iliyochorwa kwa ncha ya sindano inafukiwa, na kuifukua bila kuikwaruza karibu haiwezekani.

Ndiyo maana kazi yenyewe ni ya polepole. Piga picha pande zote, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini, kavu. Gusa rangi mahali pasipoonekana kwa pamba yenye unyevu kidogo wa maji yaliyokenekwa. Pamba ikitoka na rangi, maji yasitumike hapo. Viungio vikiachia, mara nyingi ni gundi ya ngozi au mifupa iliyokauka ikawa kama kioo. Ilegeze kwa maji vuguvugu, tone kwa tone, futa mabaki, ubandike tena kwa gundi ya aina ileile. Supagluu usiisogeze karibu: hutoa ukungu mweupe juu ya madirisha, na asetoni inayoiyeyusha huyeyusha pia rangi nyingi, hata madirisha yenyewe yakiwa ya selulosi asetati, aina ya plastiki.

Madirisha hayo yakijikunja na kunuka siki, plastiki inaoza, na asidi inayotoka hula vitu vya jirani. Yatoe, yawekwe mbali na modeli katika bahasha ya karatasi yenye maelezo, na mahali pake pawekwe karatasi angavu ya poliesta. Hapo umebadilisha madirisha, na kumbukumbu ya kazi iandike hivyo hivyo: yamebadilishwa.

Aliyeipa modeli rangi mpya, paa jipya na ngazi mpya ameiunda upya. Ni kazi halali, na huenda ikapendeza sana. Aiite tu kwa jina hilo, kuunda upya.