Je, wajua kwa nini mwenye daftari hulipa kodi ndogo kuliko jirani yake?

Chukua meza mbili zilizopakana katika soko la Majengo, hapa Dodoma. Kina mama wawili, nyanya na vitunguu vilevile, na kila mmoja anauza kama shilingi 20,000 kwa siku. Kwa siku 25 za mwezi hiyo ni 500,000. Kwa mwaka, milioni 6. Lakini mmoja anakadiriwa kodi ya mapato ya shilingi 100,000 na mwenzake 60,000. Hakuna aliyependelewa. Mmoja ana kaunta buku, mwingine hana.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inampa mfanyabiashara mdogo njia nyepesi: halazimiki kuandaa hesabu za kihasibu, analipa kulingana na mauzo yake. Ndiyo kodi ya makadirio. Tangu Julai 2019 inamhusu mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa milioni 20. Naomba hapa tuelewane vizuri, maana wengi tunachanganya: ni mauzo, si faida. Hela yote iliyoingia mezani inahesabika, hata ile utakayorudi nayo kununua tenga jingine.

Sasa, mauzo hayo afisa wa kodi atayajuaje? Asiyeweka kumbukumbu anaingizwa kwenye fungu na kutozwa kiwango kimoja cha fungu zima. Kwa viwango vilivyoanza 2019, fungu la zaidi ya milioni 4 hadi 7 ni shilingi 100,000, uwe umeuza milioni 4 na nusu au milioni 7 kamili. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Mama wetu mwenye daftari amezidi hapo kwa milioni 2, ndiyo hiyo 60,000.

Angalia anayeuza 15,000 kwa siku. Mwaka wake ni milioni 4 na nusu. Akiwa na daftari analipa 15,000, kodi ya mwaka mzima kwa mauzo ya siku moja. Bila daftari ni 100,000 ileile. Aliyefika milioni 7 anaokoa 10,000 tu. Hili ndilo linaloniuma: kukosa daftari kunamuumiza zaidi yule mdogo kabisa. Na ambaye mauzo hayazidi milioni 4 hadaiwi kodi hii hata senti, ila bila maandishi atathibitisha kwa kitu gani?

Wapo wanaoogopa kuandika, wakiamini daftari ni ushahidi wa kuwakamata. Hesabu hizo hapo juu zinasema kinyume. Nimewahi kuonyeshwa ukurasa wa daftari la namna hiyo, umelowa kona kwa maji ya mchicha: tarehe, tenga moja la nyanya na bei yake, visado vilivyotoka, jumla ya siku, na risiti ya mzigo imebanwa kwa pini. Mwandiko wa darasa la saba, unasomeka vizuri. Kinachotakiwa ni kila siku iwemo, pamoja na ile uliyouza 4,000 kwa sababu ya mvua.

Kodi yenyewe hulipwa kwa awamu 4, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na namba ya mlipakodi, yaani TIN, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, TRA. Ukidaiwa hela ya kuipata, kataa. Viwango navyo vinaweza kubadilika kila Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha mwezi Juni, kwa hiyo waulize TRA viwango vya mwaka huo kabla hujakadiriwa, na uende na daftari mkononi.

Daftari likijaa, lisiishie kwa muuza karanga wa kufungia vikaratasi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5.