Maumivu yameisha, kwa nini nirudi kuziba jino?

Kufunika kiini cha jino ni kufanya nini?
Kiini ndicho chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tundu likikikaribia au kukigusa, tunakifunika kwa dawa ili kibaki hai, kisha tunaziba jino juu yake: kwanza kwa kizibo cha muda, na ukirudi, kwa kizibo cha kudumu.

Dawa hiyo hushika jino sawasawa?
Inategemea. Kalsiamu haidroksaidi, ya zamani, haishikani kwa maana halisi na dentini, yaani sehemu ngumu ya jino inayozunguka kiini. Imekaa tu pale, na miaka ikipita huyeyuka polepole. MTA, aina ya saruji ya meno, na saruji nyingine za kalsiamu silikati ni bora: hujenga tabaka la madini kati yake na dentini na kuingia kwenye vijitundu vidogo sana vya dentini. Hata hivyo MTA ya kawaida huchukua karibu saa 3 kuganda. Hakuna hata moja ya kutafunia. Anayebeba mzigo ni kizibo cha juu.

Jino haliumi tena. Si nimepona?
Hapana. Kizibo cha muda huchakaa na kuvuja, na bakteria hupita humo. Mwaka 1965 watafiti walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini wakayaacha wazi. Panya waliolelewa bila vijidudu, viini vyao vilijiponya. Panya wa kawaida, vilikufa. Adui ni bakteria, na kinachomzuia ni kizibo kisichovuja.

Lakini miezi 6 imepita na kimya!
Kiini kilichokufa nacho hakiumi. Nimewaona wengi waliofurahia kimya hicho, wakarudi shavu limevimba. Kutouma si kupona.

Basi nikisikia maumivu ndiyo nije?
Hapana, tena hapana! Jino likianza kukuamsha usiku bila kuguswa, mara nyingi nafasi ya kufunika kiini imeshapita. Inabaki kutibu mzizi au kung'oa. Ulipewa tarehe, njoo tarehe hiyo.

Kwa nini mnanikataza kutema mate katikati ya kazi?
Kwa sababu ukifunga mdomo, mate yanagusa dentini niliyokwisha kuisafisha na kuikausha, na gundi ya kizibo haishiki vizuri penye mate au damu. Vumilia kidogo, mashine itayafyonza.

Kizibo cha muda kikidondoka?
Njoo siku hiyohiyo. Usijaze pamba, wala usiweke aspirini kwenye fizi: inaunguza, na tundu linabaki wazi vilevile.