Umechemsha maji, lakini urani bado imo: maswali ya watu wa visima

Juzi mama mmoja wa Kisauni aliniletea chupa ya soda iliyojaa maji ya kisima. Alikuwa amesikia mazungumzo ya madini ya Mrima, kule Kwale, akaingiwa na hofu. "Lakini mie nayachemsha, daktari, mpaka yanatokota kweli kweli." Sentensi hiyo naisikia kila wiki, kwa hiyo leo nitaijibu mara kadhaa.

Urani ni nini?
Ni metali nzito iliyomo ndani ya miamba, hasa ile ya matale. Mrima penyewe panajulikana zaidi kwa metali nyingine, niobi na thoriamu, lakini hofu ya mama ina maana popote watu wanapokunywa maji yatokayo ardhini.

Inaingiaje majini?
Kwenye maji yenye hewa, urani hushikana na oksijeni ikawa uranili. Ikikutana na kabonati, ile inayotoka kwenye mawe ya chokaa, huyeyuka ikakaa humo kama chumvi ndani ya mchuzi. Huioni, huinusi, huionji. Chini kabisa, kwenye tope lisilo na hewa, mambo hugeuka: bakteria huibadilisha ikawa ya aina isiyoyeyuka, ikatuama kama mashapo meusi. Mashapo hayo yakipata hewa tena, urani hurudi majini.

Nikichemsha, si inakufa?
Hapana. Kinachokufa ni kijidudu. Urani haina uhai wa kutolewa.

Nikichemsha kwa muda mrefu zaidi?
Hapana, tena hapo unaharibu. Tuseme una lita 10, kila lita ina mikrogramu 24 za urani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 30 kwa lita, kwa hiyo uko chini yake. Sasa chemsha mpaka zibaki lita 8. Mvuke umeondoka, urani imebaki, na kila lita sasa ina mikrogramu 30. Umechoma makaa ya bure.

Na yale magamba meupe ndani ya birika? Si ndiyo uchafu wenyewe umebaki pale?
Hiyo ni chokaa. Maji yetu ya pwani yana chokaa nyingi, na moto huigandisha ukutani mwa birika. Watu hukwangua magamba, wakatazama maji yanavyong'aa, wakaridhika. Sehemu kubwa ya urani ingekuwa bado imo kwenye gilasi.

Nikiyaacha yatulie usiku kucha, au nikiyachuja kwa leso?
Hapana na hapana. Kinachotua mtungini ni mchanga na matope. Kilichoyeyuka hupita kwenye leso pamoja na maji.

Basi niache kuchemsha?
Usithubutu! Kinachotuletea watu wodini ni kuhara na kipindupindu. Kisima cha yule mama kiko hatua chache kutoka choo cha shimo, na hilo tulilizungumza kwa muda mrefu kuliko urani.

Urani inadhuru nini mwilini? Mionzi?
Ya kwenye maji, hofu kubwa ni sumu yake kwa figo kuliko mionzi. Nyingi unayomeza hutoka na choo. Ile kidogo inayoingia kwenye damu hupitia figo, na huko ndiko inakoumiza mirija midogo ya kutengeneza mkojo.

Nitajuaje? Mbona sijavimba?
Figo huharibika kimya kimya. Anayesubiri avimbe uso na miguu huja kwetu amechelewa, na wengi huwa wameshakunywa mizizi ya kila aina miezi mitatu. Mkojo ukitoa povu lisiloisha, njoo upimwe mkojo na damu wiki hiyo hiyo.

Kinachoitoa urani majini ni nini?
Mtambo wa kuchuja kwa utando, ule unaosukuma maji kwa shinikizo, au chujio la resini, yaani punje zinazonasa urani maji yanapopita. Lakini pima kwanza, usikimbilie kununua. Na ukifika maabara itaje urani kwa jina, kwa sababu kipimo cha kawaida hutafuta vijidudu na chumvi tu. Chupa ya soda iache nyumbani. Waombe chupa yao.