Andika majina yako yote: ukaguzi wa kazi ya kea Uingereza

Kando ya mlango wa nyumba nyingi tunazozihudumia kuna kisanduku kidogo cha chuma kilichopigiliwa ukutani. Mhudumu anabonyeza namba za siri, kinafunguka, anachukua ufunguo, anaingia. Ndani kuna mzee asiyeweza kuinuka kitandani. Mkoba wake uko juu ya kabati, dawa zake ziko jikoni, na mara nyingi hakuna mtu mwingine. Kazi yangu ni kukagua mafaili ya watu wanaoomba kupewa namba za kisanduku hicho.

Ndugu zetu wanaotafuta kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, huniuliza swali moja kuliko yote: "Dada, DBS inachukua muda gani?" Huwajibu kwamba sehemu kubwa inategemea walichoandika kwenye fomu.

DBS ni kifupi cha Disclosure and Barring Service, taasisi ya serikali inayokagua rekodi za jinai za wanaoomba kazi kama hii, iliyoanza kazi Desemba 2012. Inahudumia England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana utaratibu wao. Kwa mtu atakayemwogesha mgonjwa, kumvalisha, kumlisha au kumsaidia chooni, tunaomba ukaguzi wa ngazi ya juu kabisa, pamoja na orodha ya waliopigwa marufuku kufanya kazi na watu wazima wanaohitaji uangalizi. Cheti kinaonyesha hukumu na maonyo rasmi, na polisi wanaweza kuongeza taarifa nyingine wanazoona zinahusika hata kama mtu hakuhukumiwa. Aliyepigwa marufuku akiomba kazi hii anatenda jinai. Mwajiri anayemchukua huku akijua naye anaweza kufungwa hadi miaka mitano.

Ukali huu una chanzo chake. Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na Ian Huntley, mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapo. Uchunguzi ulioongozwa na Sir Michael Bichard, uliotoa ripoti yake 2004, ulionyesha kwamba polisi wa Humberside, alikoishi awali, walikuwa wamepokea tuhuma kadhaa dhidi yake miaka ya 1990, lakini shule ilimwajiri bila kujua lolote. Alikuwa ameomba kazi kwa jina la Ian Nixon, jina la upande wa mama yake. Polisi wa Cambridgeshire, eneo la Soham, walitafuta jina la Nixon kwenye rekodi. Huntley hawakumtafuta. Sheria ya 2006 ya kuwalinda watoto na watu wazima walio hatarini ilizaliwa na ripoti ile.

Kila nikikumbuka kisa hicho huwaza majina yetu. Pasi inasema Mariamu, cheti cha chuo kinasema Maryam, benki wameandika Mariam. Mwingine ana jina lake, la baba na la babu, na fomu inamtaka ajue lipi ni la ukoo. Mwingine alibatizwa akiwa mkubwa, au aliolewa akachukua jina la mume, ndoa ikavunjika akarudia la kwao. Watu wanaogopa kwamba majina mengi yatawafanya waonekane wadanganyifu, basi wanaandika moja. Nawaomba sana: andika yote, na miaka uliyoyatumia. Jina uliloliandika mwenyewe halinitii shaka. Linanitia shaka lile nitakaloliona kwa bahati kwenye karatasi nyingine.

Na miaka vilevile. DBS inataka anwani zako za miaka mitano bila pengo. Mwajiri anatakiwa na kanuni za 2014 za huduma za afya kupata historia yako yote ya ajira, na kila pengo lielezwe kwa maandishi. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

Kulikuwa na dada mmoja wa Tanga, aliyekuja huku kumfuata mumewe. Kwenye historia yake aliandika kwamba 2017 hadi 2020 alikuwa "nyumbani". Nilimuuliza nyumbani wapi. Akanyamaza, akaangalia chini, kisha akasema alikuwa Muscat, kwenye nyumba ya familia moja, akimhudumia mzee aliyepooza. Wakala aliyemsaidia kuandika alimwambia afute miaka ile, kwamba Waingereza wakiona Uarabuni wataleta maswali. Wakala alimkosea sana. DBS haioni rekodi za Oman, kwa hiyo ilibidi tuombe hati ya polisi ya huko na neno la familia ile. Barua ya binti wa mzee ilikuja kwa Kiarabu, tukaitafsiri. Ilisema dada huyu alikuwa akiamka usiku kumgeuza mzee, na kwa miaka yote mitatu ngozi yake haikuwahi kutoka kidonda. Katika faili lile sikuona karatasi yenye uzito kuliko hiyo, na ilibaki kidogo ipotee.

Kwa anayeomba viza akiwa nje kuja kufanya kazi ya afya, uuguzi kwa mfano, hati ya polisi ni lazima kwa kila nchi aliyoishi miezi 12 au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, akiwa na umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkenya aishughulikie kabla ya safari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na alama za vidole kwa DCI, idara ya upelelezi. Kuifuatilia ukiwa ughaibuni ni usumbufu mtupu. Viza ya kea yenyewe imefungwa kwa waombaji wapya walio nje tangu 22 Julai 2025, kwa hiyo anayekuuzia leo anakuibia.

Mwenye kosa la zamani asikate tamaa. Hukumu haimfungii mtu mlango moja kwa moja, na onyo alilopewa akiwa mtoto halitokei tena lenyewe kwenye cheti tangu Novemba 2020. Nimewahi kumpendekeza mtu aliyeniambia kosa lake kabla cheti hakijafika. Aliyelificha sijampendekeza.

Wala cheti safi pekee hakinitoshi. Kinaeleza hadi siku kilipochapwa, basi. Ndiyo maana huwapigia simu wasimamizi wa zamani na kuwauliza kwa nini mtu aliondoka. Sauti ya msimamizi anayesitasita imeshaniokoa zaidi ya mara moja.

Cheti hutumwa kwako, si kwangu, kwa hiyo kitunze na uniletee chenyewe, si picha ya simu. Ukitaka mwajiri wa baadaye akikague bila kuanza upya, jiunge na huduma ya kukihuisha, paundi 16 kwa mwaka. Ukishakuwa na cheti mkononi, una siku 30 tu za kujiunga, nazo zinahesabiwa tangu tarehe iliyochapwa juu yake, si siku ulipofungua bahasha.