Punda "amepata nafuu": maana yake nini hasa?

Kule Handeni, mkoani Tanga, ambako maji husafiri mgongoni mwa punda, kila mafua yakipita husikika maneno haya: "Huyo ana nafuu, mpakie." Kwamba ana nafuu huenda ni kweli kabisa. Kwamba apakiwe ni jambo jingine.

Nafuu ni hali ya kuwa bora kuliko ilivyokuwa, basi. Neno limetoka katika Kiarabu, naf', yaani faida, na mpaka leo kazi yake ni kulinganisha. Bei nafuu si bure, ni bei iliyo chini ya nyingine. Mwenye nafuu vilevile bado ni mgonjwa. Homa ya punda ikishuka kutoka nyuzi 39.5 hadi 38.5, hiyo ni nafuu, na bado ni homa, maana punda asiye na ugonjwa hukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Anayetumia vipimo vya farasi ataiona 38.5 ni salama na atakosea.

Kupona ni kitu kingine. Ni neno la Kibantu, jirani ya kupoa. Ndiyo maana pwani husemwa jeraha limepoa. Ugonjwa umezimika. Lakini hata hapo tunazungumzia ugonjwa, hatujafika kwenye mwili. Mwili una neno lake, uzima, lile lile la embe zima na mkate mzima: kitu kisichopungukiwa. Kinachokera ni kuwasikia watu wakiruka kutoka nafuu hadi uzima bila kukanyaga kupona, na anayelipia ni mnyama asiyelalamika. Punda huficha maumivu. Akionekana amechoka, amechoka zamani.

Mafua ya punda yanaonyesha pengo hilo vizuri. Virusi huharibu vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vile vinavyofagia makohozi na vumbi. Homa huisha kwa siku chache, ila vinyweleo huhitaji wiki tatu au zaidi kuota upya. Ukimpandisha mlima na mzigo katika kipindi hicho, anavuta vumbi ndani bila mfagiaji, bakteria wanapata makao, na mafua yanageuka homa ya mapafu. Kanuni ya waganga wa wanyama ni wiki moja ya mapumziko kwa kila siku ya homa, na isipungue wiki tatu. Wakati huo pumba na majani makavu yalowekwe ili yasitoe vumbi. Akiacha kula, mwite mganga mapema: mafuta ya mwili wake huingia kwenye damu kwa wingi, na hilo huua punda haraka, hasa mnene.

Akishapona, uzima unajengwa polepole. Anza na matembezi ya dakika 15 hadi 20 kwenye tambarare, mgongo mtupu. Siku chache baadaye weka tandiko na shogi, yaani mfuko wa mzigo unaoning'inia pande mbili, bila mzigo, kwa sababu ngozi ya mgongo imelainika na nyama imepungua, hivyo tandiko la zamani linakaa juu ya mfupa na kutoa kidonda siku ya kwanza. Ongeza kitambaa chini yake. Kisha dumu la lita 5 kila upande, halafu la lita 10. Usijaze nusu dumu la lita 20: maji yanacheza, mzigo unayumba, mgongo unasuguliwa. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80, mzigo mzito hata kwa punda mwenye nguvu zake zote.

Pima mapigo ya mshipa ulio chini ya taya kabla ya kutoka, kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Akiwa ametulia ni kati ya 36 na 52 kwa dakika. Pima tena dakika kumi baada ya kurudi. Mapigo yakiwa bado juu sana, au akikohoa njiani, kesho rudi hatua moja.

Kwa hiyo akikohoa mara ya mwisho juzi na mtu akakuuliza hali yake kisimani, sema "ana nafuu", ni jibu sahihi. Ukiongeza "bado hajapona", muulizaji hataleta dumu lake.