"Si Unatoka Mbele? Turuke!" na Dhana Nyingine Zinazonichosha Ukingoni Iten

Jumamosi nimeambiwa tena. Kijana amesafiri usiku kucha kutoka Nairobi, ana leseni ya paraglaidi, ana bawa jipya la kitambaa, amesimama ukingoni anaonyesha kwa kidole soksi ya upepo, ule mfuko mlingotini unaoonyesha upepo unakotoka: "Mwalimu, si unatoka mbele? Mbona haturuki?"

Unatoka mbele, sikatai. Ila upepo wa pale kwenye soksi si lazima uwe ndio upepo wa siku. Hili nimelieleza mpaka koo limekauka.

Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki. Jua la asubuhi linaupiga usoni, na kutoka hapa Iten, kwenye mita 2,400 hivi, hadi chini Bonde la Kerio kuna zaidi ya mita 1,000 za miamba, vichaka na udongo unaopata moto. Hewa ya mteremko ikishapata joto inapanda ikiambaa ukuta, inafika juu, inainua soksi, nawe unahisi kilomita 12 kwa saa tamu kabisa usoni. Wakati huohuo upepo wenyewe wa siku unaweza kuwa unavuma kutoka magharibi, upande wa Eldoret, unakupita juu ya kichwa na kumwagikia bondeni. Yaani umesimama kisogoni mwa mlima, mahali ambapo mabaharia wa pwani wangepaita upande wa demani, yaani uliokingwa na upepo, na hewa moto inakudanganya. Ukiruka, sekunde za kwanza ni raha. Kisha unatoka kwenye hewa inayopanda, unaangukia kwenye ile inayoporomoka, bawa linakunjika upande mmoja, na ukuta uko karibu mno kukupa nafasi ya kulifungua.

Siku za namna hiyo soksi hujisema yenyewe. Inainuka, inalala, inazunguka, inainuka tena. Ikilala, mtu ananiambia upepo umetulia, sasa ndio wakati. Hapana! Hapo hewa ya bondeni na upepo wa magharibi vinavutana kamba, na hujui nani ataachia kwanza.

Basi acha kuikodolea macho soksi. Geuka nyuma. Moshi wa jikoni kule kwenye tambarare unaelekea wapi? Vivuli vya mawingu vinatembea kwenda wapi? Kivuli kikitoka mgongoni mwako kwenda bondeni, twende tukanywe chai. Na ushauri wangu ambao wanafunzi huucheka: kaa nusu saa nzima ukitazama, saa mkononi, begi likiwa limefungwa. Ukishatandaza bawa, akili imeshapaa zamani, na kila utakachokiona kitakuambia uruke. Tofauti kati ya upepo ukilegea na ukivamia ikizidi kilomita 10 kwa saa, mimi sifungui begi. Januari na Februari, upepo wa mashariki ukishika, huwa tunaruka siku nyingi. Machi ikizeeka na masika yakikaribia, kusubiri kunakuwa ndio kazi yenyewe.

Wapo wanaoamini upepo mkali ndio unaopaisha. Bawa la kawaida, breki zikiwa juu, linakwenda kilomita 36 hadi 40 kwa saa. Upepo wa 40 utakuweka palepale kama tiara, ukizidi kidogo unarudishwa nyuma ya ukingo, kwenye hewa inayojiviringisha. Tena ukitoka 15 ukafika 30, nguvu yake kwenye bawa haijawa mara mbili, imekuwa mara nne.

"Lakini simu inasema kilomita 11." Simu haijasimama hapa. Utabiri wake ni wa eneo pana, haujui ukingo wetu.

"Mvua iko mbali, kule ng'ambo ya bonde, milima ya Tugen." Wingu la radi humwaga hewa baridi inayotambaa ardhini na kufika kilomita 20 au zaidi kabla ya tone la kwanza. Ukiona vumbi linanyanyuka bondeni kwa mstari, umeshachelewa.

Kuhusu parachuti ya akiba, nina sentensi moja: inahitaji kimo ili ifunguke, na ukipata matatizo mita 30 kutoka ukutani, kimo hicho huna.

Kuna na hili la abiria wa tandemu, wanaoruka na rubani kwenye bawa moja, kwamba wao kazi yao ni kukaa tu. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban moja ya tano, hivyo bawa linadai mbio za ziada kabla ya kutubeba. Abiria akikaa mapema tunaburuzana kwenye nyasi. Wakimbiaji wa hapa mjini ndio abiria wangu bora; ukimwambia kimbia, anakimbia mpaka ardhi iishe.

Yule kijana alinuna hadi mchana. Chai aliikataa, mandazi akala.