Kwa nini dhahabu hubaki kwenye karai na kokoto hutoka? (Si kwa sababu ni nzito)

Swali hili aliniuliza binti yangu akiwa na miaka minane, magoti yamelowa, ukingoni mwa mto huko Coloma, California, tulikokuwa tukitikisa mchanga na maji kwenye karai kutafuta dhahabu. Nikajibu bila kufikiri: kwa sababu dhahabu ni nzito. Akaokota kokoto ya ukubwa wa yai la kuku, tuliyokuwa tumeimwaga muda si mrefu, akaniwekea mkononi. "Na hii je, baba?"

Kokoto ile ilizidi gramu 100. Chembe ya dhahabu ya ukubwa wa punje ya chumvi haifiki hata miligramu moja. Kwa hiyo kilichotoka kilikuwa kizito mara laki moja kuliko kilichobaki, na jibu langu lilikuwa uongo mtupu. Lakini nilikuwa nimeliamini tangu shuleni, na nadhani wengi wetu tunaliamini. Uzito wa kitu kizima hauhusiki hapa. Kinachohusika ni uzito wa kitu kikilinganishwa na nafasi kinayochukua. Kikombe cha mililita 250 kikijaa maji, ni robo kilo. Ujazo uleule wa kwatzi, lile jiwe jeupe linalotoa mchanga mwingi wa mtoni, ni kama gramu 660. Wa dhahabu ni kilo 4.8. Jaribu kuinua chai ya namna hiyo kwa kidole kimoja.

Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Kwatzi nayo huzama. Vyote viwili vikishafika chini, kwa nini dhahabu ipenye chini ya mchanga badala ya kulala juu yake?

Aliyewahi kuosha mchele wenye mawe anajua nusu ya siri. Unatia maji kwenye sufuria, unazungusha, unamimina mchele kidogo kidogo kwenye bakuli jingine, na vijiwe vinabaki chini, hata vile vidogo kuliko punje. Ukimimina bila kuzungusha, vinakwenda na mchele. Mzunguko ndio unaofanya kazi.

Mchanga uliotulia ni kama daladala iliyojaa: punje zimeegemeana, hakuna anayepita. Gari likianza kurukaruka kwenye matuta, abiria wanalegea kidogo, na kondakta anapata upenyo wa kufika nyuma. Kutikisa karai ndiyo matuta yenyewe. Kwa muda mfupi mchanga na maji huwa kitu kimoja kama uji mzito, na katika uji huo kila kitu kinatafuta ngazi yake.

Hapa ndipo hesabu inaponifurahisha kupita kiasi. Hewani, dhahabu ni nzito mara 7 kuliko kwatzi ya ujazo uleule. Ndani ya maji, kila kimoja kinaelea kidogo na kupunguziwa uzito sawa, kwa hiyo tofauti inapanda hadi mara 11. Ndani ya uji wa mchanga, ambao ni kama mara mbili ya uzito wa maji, inapita mara 25. Hiyo ya mwisho ichukue kama makisio tu, maana mchanga si kimiminika halisi. Mwelekeo ndio huo, lakini: kadiri uji unavyokuwa mzito ndivyo dhahabu inavyozidi kujitenga.

Na ile kokoto? Tikisa kopo lenye maharage na mchele, maharage yatapanda juu, kwa kuwa vidogo hujipenyeza chini ya vikubwa kila nafasi inapofunguka. Hilo nalo hutegemea umbo la chombo na namna unavyotikisa, kwa hiyo wenye uzoefu hawalisubiri. Huosha kokoto kubwa na kuzitoa kwa mkono mwanzoni kabisa.

Coloma ndiko fundi seremala James Marshall alikoona dhahabu tarehe 24 Januari 1848, kwenye mfereji wa kutolea maji ya kinu cha kupasulia mbao. Usiku maji yalikuwa yakiachwa yapite ili yauchimbe mfereji zaidi. Kwa maneno mengine, mfereji ulikuwa umeshageuka karai kabla ya yeye kuamka. Siku hizi ni hifadhi, na familia huruhusiwa kutumia mikono na karai tu. (Geita au Migori usiende na watoto kwa mchezo: kule ni kazi ya watu, inataka leseni, na kwenye zebaki, ile sumu ya kunasia dhahabu, mtoto hana la kufanya.)

Sheria ya uzito wa ujazo ina mtoro mmoja. Chembe bapa na nyembamba sana ya dhahabu inaweza kuelea juu ya maji, kama sindano inavyoelea ukiilaza taratibu, kisha ikaondoka mbele ya macho yako. Tone la sabuni ya vyombo huizamisha.

Tulirudi na mchanga mweusi kijiko kimoja, ule ambao hung'ang'ania karai pamoja na dhahabu kwa kuwa nao ni mzito kwa ujazo wake. Binti yangu aliumwaga kwenye karatasi, akapitisha sumaku kwa chini, ukasimama kama nywele za paka aliyeshtuka. Zilibaki chembe tatu za kung'aa. Tulizipeleka kivulini: mbili ziliendelea kuwa za njano, ya tatu ikazimika. Hiyo ilikuwa ulanga, madini ya magamba yanayometa juani, na ndiyo niliyokuwa nimeishangilia kwa sauti kubwa kuliko zote.